Jina Langu Sikupi

Mabatini, Mwanza
Alhamisi mchana

Leticia mwanangu,

Saa hizi uko kwenye meli unarudi kutoka kumuaga bibi yako Nansio, Ukerewe, na mimi nimefunga karakana mapema. Wasichana nimewaambia waende nyumbani kwa sababu nina barua ya kuandika. Wakacheka, maana hawajawahi kuniona nikiandika kitu kirefu kuliko vipimo vya mtu. Nimeondoa vipande vya vitambaa juu ya meza ya kukatia, nimekaa.

Toka Jumapili tunaishi ndani ya nyumba hii kama wapangaji wawili. Unaniamkia vizuri, "Shikamoo mama," naitika marahaba, halafu kila mtu anashika njia yake. Salamu ya namna hiyo ndiyo watu huwapa maafisa wa leseni.

Basi ngoja nikujibu vizuri, kwa sababu Jumapili nilikujibu kwa neno moja. Uliniuliza kama unaweza kufungua duka Dodoma kwa jina la Minza, nikasema hapana. Ukauliza kwa nini, nikasema hapana tena. Hilo la pili halikuwa jibu, nakubali. Lakini nilikuwa nimeshaliona bango. Lilikuwa nyuma ya kabati lako limeviringishwa, jina langu kwa herufi za dhahabu, na chini yake "Tawi la Dodoma". Ulikwisha kulichapisha kabla ya kuniomba. Sikulichana, ingawa mkasi ulikuwa mkononi.

Sitakuandikia habari za kula, wala za kusali, wala za wanaume. Shangazi yako wa Dodoma ana mdomo wa kutosha kwa hayo yote matatu. Nataka nikueleze jina hili lilivyopatikana, na mimi mwenyewe nilivyoliharibu, maana hiyo sehemu ya pili sijawahi kukusimulia yote. Ukimaliza kusoma, jibu langu litakuwa lile lile. Nakuambia mapema usije ukasoma kwa matumaini.

Tulianza mimi na Paskazia, wewe ukiwa bado hujazaliwa. Wewe unamkumbuka kama yule mama mrefu aliyekuwa akikuketisha juu ya meza hii na kukupa vipande vya vitenge uwavalishe wanasesere. Tulikutana chuo cha ushonaji cha masista, mimi nimetoka Kwimba, yeye ametoka Muleba, na wote wawili tulikuwa tunasemwa kwa Kiswahili chetu. Mimi niligeuza r kuwa l, yeye aliongea kama anaimba. Tulipomaliza tukapanga chumba kimoja hapa Mabatini, cherehani mbili, meza moja. Mimi nilikuwa na mguu: nikikanyaga cherehani, mshono unakwenda kama umepigiwa rula. Yeye alikuwa na jicho. Mtu akiingia tu mlangoni, kabla hujamfungia tepu, Paskazia alikwisha kujua bega lipi liko juu na tumbo litakaa wapi. Yeye akikata, mimi nikishona. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na uishike hiyo kichwani wakati unasoma.

Mteja wetu mkubwa alikuwa mwanamume mmoja mwenye duka la nguo za kike mjini kati. Tulimwita Bosi Maziku. Alikuwa akitangaza kwamba bidhaa zake zote zinatoka nje. Siku moja alikuja na mfuko wa nailoni uliojaa lebo ndogo nyeusi zenye maandishi meupe.

"Muwe mnashona hizi kwenye kola," akasema.

"Ni za nani?" nikamuuliza.

"Za Ulaya."

Paskazia akachukua moja, akaisoma kwa sauti, akaigeuza upande wa pili. "Na Ulaya wenyewe wanajua?"

Maziku hakucheka. "Sikilizeni. Gauni bila lebo ni gauni la Mabatini. Na la Mabatini linauzwa Mabatini. Mnataka kuuza mjini au hamtaki?"

Leti, ningependa kukuambia kwamba alitulazimisha. Hakutulazimisha. Alituacha na mfuko wake akaenda zake, nasi tukaambiana wenyewe kwa wenyewe siku nzima kwamba huyu bwana ni mwongo wa kutupwa. Wiki ile ile nikazishona. Nilizishona vizuri, kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo, mpaka mtu hawezi kuamini kwamba ile lebo haikuzaliwa pamoja na lile gauni. Tuliendelea hivyo miaka mitatu. Ukizoea kitu kila siku, mkono unaacha kukuuliza.

Kilichonizindua ni gauni la kijani.

Alikuja mama mmoja wa ofisini, amevaa vizuri, ananukia vizuri, ana gauni kwenye mfuko. Alikuwa anakwenda kwenye sendofu ya mdogo wake anayeolewa, Jumamosi, na gauni lilikuwa linampwaya kiunoni. Akalitandika juu ya meza. Nilikuwa nimelishona mwenyewe. Nilikumbuka hata siku tuliyolishona, kwa sababu zipu ya kwanza ilikuwa mbovu nikaing'oa. Na Paskazia alikuwa amesimama pembeni yangu, yeye aliyelikata.

"Naomba mnipunguzie kiuno," yule mama akasema. "Lakini taratibu, jamani. Hili gauni si la kwetu hapa. Angalieni lilivyokatwa. Hapa Mwanza hakuna fundi anayeweza kukata hivi, msije mkaniharibia."

Nilisubiri Paskazia aseme kitu. Nadhani naye alikuwa akinisubiri mimi. Nikachukua wembe, nikaanza kufumua mshono wangu mwenyewe mbele ya mtu anayeniambia siwezi kuushona. Nikaupunguza, nikaurudishia, nikapiga pasi. Akalivaa nyuma ya pazia, akatoka akijigeuza kwenye kioo.

"Afadhali," akasema. "Hamjaliharibu."

Alipoondoka Paskazia akaketi chini kwenye mabaki ya vitambaa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakaendelea kutoka kicheko kikiwa kimekwisha. Mimi sikulia. Mimi nilikasirika, na nilijua nimkasirikie nani. Yule mama alikuwa amesema alichokisoma kwenye kola. Aliyekiandika kwenye kola ni mimi.

Kesho yake nikabeba mfuko wa lebo mpaka dukani kwa Maziku, nikauweka juu ya kaunta. Nikamwambia kuanzia leo nguo zetu zitakuwa na jina letu, akitaka achukue, asipotaka aache.

"Jina lenu lipi?"

"Minza."

Alicheka mpaka akaishika kaunta. Kulikuwa na wateja, na wao wakacheka kwa sababu bosi anacheka. "Mama," akasema, "Minza ni jina la mtu anayeuza viazi vitamu kando ya barabara. Nani atavaa Minza harusini?"

"Mimi nimelivaa tangu nizaliwe," nikamwambia, "na halijanibana."

Nikatoka. Huko nje nikaegemea ukuta wa duka la jirani. Nilikuwa nimempoteza mnunuzi wetu mkubwa na sikuwa na mwingine.

Hiyo hadithi unaijua, ya mimi na Maziku. Umewasimulia watu kwenye simu, umeiweka kwenye ule ukurasa wetu wa mtandaoni na picha yangu nimeshika kiuno. Ni ya kweli yote. Lakini inaishia mahali pazuri mno, na niliporudi Mabatini siku ile lilitokea jambo jingine, dogo, ambalo hukuliweka kwa sababu hukulijua.

Paskazia alikuwa amekata vipande vya utepe mweupe tutarizi lebo zetu wenyewe kwa mkono. Akaniuliza, "Tuandike nini?"

"Nimeshamwambia Minza."

"Minza na nani?"

Alisema akitabasamu. Nami nikamjibu nikitabasamu: "Paskazia ni refu, mwenzangu. Uzi utaisha. Tutaliongeza baadaye."

Tukacheka wote wawili. Tukatarizi Minza.

Miaka ya kwanza ilikuwa migumu na mimi niliipenda. Nilikuwa naning'iniza magauni kwenye uzio kule Buzuruga karibu na stendi, vumbi la mabasi linayapiga, nayapangusa. Watu walikuwa wanageuza kola wanasoma. Mama mmoja akaniuliza, "Minza ni nchi gani?"

"Nchi yenyewe ndiyo hii uliyosimama mbele yake," nikamjibu.

Akanitazama juu mpaka chini. "Na likifumuka?"

"Njoo Mabatini, uliza fundi Minza. Nisipolishona bure, lichane mbele ya mlango wangu majirani wakiona."

Akanunua. Na likafumuka kweli, pindo, akaja, nikalishona bure, akaondoka na la pili. Watu hawakunipendea lebo. Walinipendea kwamba wanajua pa kunigombeza. Asubuhi ya Pasaka moja zipu ya mwanakwaya ilikatika wakati wenzake wameshapanga mstari, nikaitwa, nikamshonea akiwa nayo mwilini, sindano na uzi, padri anatusubiri. Kwaya nzima ilihamia kwangu. Hivyo ndivyo jina lilivyotembea, mguu kwa mguu, kutoka Mabatini mpaka watu wa Musoma wanatuma vipimo kwa dereva.

Lakini uliza wateja wa wakati ule walikuwa wanasifia nini. Ni wachache waliosifia mshono. Walikuwa wanasema, "Gauni la Minza linakaa." Mtu mnene analivaa anajisikia ameumbwa upya. Kukaa kwa gauni kuko kwenye mkasi, Leti. Sifa ilikuwa ya Paskazia, na kila aliyekuja alinipa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mlangoni na jina langu ndilo lililokuwa kwenye kola. Mwanzoni nilikuwa nageuka namwonyesha kidole: "Mkataji ni yule." Baadaye nikawa nageuka tu. Baadaye sikugeuka.

Ukiwa kidato cha pili alikuja yule binti wa televisheni ya mtandaoni na kamera yake. Video unayo, umeiangalia mara nyingi kuliko mimi. Nimekaa hapa hapa, nimefunga kilemba cha zambarau. Binti ananiuliza, "Mama Minza, siri ya magauni yako ni ukataji. Nani anakata?"

Nikasema, "Mimi mwenyewe. Ni kipaji cha Mungu."

Ukiangalia vizuri nyuma yangu, upande wa kushoto, unauona mkono na mkasi. Mkono unasimama. Halafu unaendelea kukata mpaka mwisho wa kitambaa. Ni hilo tu. Wewe ulikuwa unawaonyesha wenzako shuleni kwa fahari, na mimi kila ukiibonyeza nilikuwa natoka nje. Ilikuwa video ya mama yako anaiba.

Walipoondoka nikamwambia Paskazia, "Umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia."

"Ni maneno ya televisheni tu yale. Walikuwa wanataka mtu mmoja."

"Ndiyo." Akakunja tepu yake. "Mkanda wa gauni la mama mchungaji uko kwenye kapu, usije ukausahau."

Wiki iliyofuata akafunga mkasi wake kwenye kitambaa, akaniaga kama mtu anayekwenda sokoni, akapanda meli ya Bukoba. Nikuambie na la aibu zaidi: nilipata nafuu. Nilijua sasa hakuna tena mkono nyuma yangu. Nikamwajiri mkataji, nikamwajiri mwingine. Magauni yakaanza kubana kwapani, yakaanza kupanda nyuma. Wateja wakaanza kuja na nguo mkononi na sura zimekunjamana. "Mama Minza, siku hizi unashonea watu gani? Mimi sina umbo hili." Jina lilikuwa lile lile, lebo nzuri kuliko ya zamani, ya kufumwa kiwandani. Wewe ulikuwa umeshaanza kutengeneza ukurasa na picha zake zilikuwa zinapendeza. Ndani ya gauni hamkuwa na kitu.

Ilinibidi nijifunze kukata nikiwa na umri wa kuitwa bibi. Nilikuwa nanunua magauni yetu ya zamani kwa wateja, nayafumua yote, natandika vipande mezani, nasoma alichokuwa anakifanya. Nilijifunza. Sasa nakata vizuri. Lakini namjua mwalimu wangu, na hakuwa na habari kwamba ananifundisha.

Mwaka juzi niliposema nakwenda msibani Kagera, sikwenda msibani. Nilikwenda Muleba. Nilimkuta kwenye chumba kisicho na bango lolote, kinamama wamekaa nje kwenye benchi wanasubiri zamu. Alinikaribisha vizuri mno, akanipikia ndizi, akaniuliza habari zako kwanza kabla ya zangu. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akasema amenisamehe siku nyingi. Nikamwambia basi arudi, tuandike majina yote mawili.

"Hapana, sirudi," akasema. Halafu akaniambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu. "Minza, siku ile uliporudisha lebo kwa yule bwana, mimi nililia kwa furaha. Nilidhani umeukataa uongo. Kumbe ulikuwa umeukataa wa kwake tu."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Kwangu mimi hakuna deni. Ila usife na uongo huo."

Niliporudi nilikuja kwako, unakumbuka? Nikakuomba uandike kwenye ukurasa kwamba magauni yaliyotupa jina aliyakata mwanamke anayeitwa Paskazia, na kwamba nilidanganya kwenye video. Ukaweka simu chini, ukaniambia, "Mama, hiyo itaharibu brandi yetu."

Hukuweka. Nami baada ya wiki moja nikaanza kusema kwa mdomo. Kila aliyeingia hapa mwaka ule nilimwambia. Wengine hawakujali: "Sasa hayo mimi yananihusu nini, fundi, mimi nataka gauni la sendofu." Kuna mama mmoja wa benki alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kitambaa chake akasema, "Kwa hiyo siku zote ulikuwa unatudanganya," akaondoka na hajarudi. Alikuwa na haki. Jumuiya yetu ya kanisani ilisema wiki mbili, ikachoka, ikapata mwingine wa kusema. Jina halikufa. Wewe ulisema litakufa, na wataalamu wako wa kwenye simu wangesema litakufa, na mimi nasimama hapa Mabatini nakuambia halikufa. Lina kovu. Nalipenda zaidi likiwa nalo.

Sasa turudi Jumapili. Wewe unalitaka jina hili likiwa limepigwa pasi. Unataka ile hadithi ya Maziku na kaunta, unaacha mkono na mkasi. Hiyo peke yake ingetosha mimi kukunyima. Lakini hiyo si sababu kubwa.

Sababu kubwa ni yule bibi harusi wa mwezi wa nne, aliyekuwa na bega moja limeshuka tangu utotoni. Alikuja na mama yake, na mama yake akawa ananong'ona kama anaomba kuficha wizi. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchukua vitambaa. Nilirudi nikakusikia unamwambia yule binti mwenyewe, si mama yake, "Dada, bega lako nitaliwekea urembo upande ule ule. Watu watalitazama, na watalipenda." Nikasimama mlangoni nikakuangalia ukikata. Hukupima mara mbili. Ulitelezesha mkasi kwenye satini kama mtu anayefungua barua. Leti, huo si mkono wangu. Mimi nimejifunza kwa kufumua. Wewe ulijifunza ukiwa umekaa juu ya meza hii na vipande vya vitenge, ukimwangalia Paskazia. Yeye amekupa jicho, na ukaongeza la kwako ambalo hata yeye hakuwa nalo.

Lile gauni lilitoka hapa likiwa na lebo ya Minza. Mimi nisingeweza kulikata. Watu walinipongeza harusini, na nikasikia mdomo wangu unataka kusema asante.

Umeelewa sasa? Nikikupa jina langu, nitafanya mara ya pili kile kile, na safari hii kwa mtoto wangu wa kumzaa. Utakata Dodoma na sifa itakuja Mwanza. Siku utakapokosea watasema, ndiyo maana, mama hayupo. Siku utakapopatia watasema, ndiyo maana, ni mtoto wa Minza. Wewe uko wapi hapo? Sikuzaa tawi, mimi. Nilizaa Leticia.

Najua utasema nini, maana ulishasema: jina jipya linachukua miaka, watu hawanijui, kodi ya fremu ya duka haisubiri. Kweli watu hawakujui. Wewe nenda wakujue. Jina langu lilichekwa kwenye kaunta, likapigwa vumbi Buzuruga, na wala halikuwa jina zuri kuliko lako. Atakayekuambia Leticia ni jina la karani au la mama wa kwaya, mtazame usoni, endelea kukata. Usiweke kwenye ukurasa wako kitu ambacho mtu akija na nguo mkononi utashindwa kusimama nacho. Na siku utakapopata mtu wa kukushonea, mtu mwenye mguu kama wangu, jina lake liandike, hata kama ni refu. Uzi hauishi. Mimi ndiye niliyekuwa mchoyo.

Lile bango, kitambaa chake ni kizuri na umekilipia. Lipindue, funikia cherehani. Dodoma kuna vumbi.

Ninyime salamu ukitaka. Panda basi la Dodoma stendi ya Nyegezi kesho na hasira zako zote, sitakuomba uzishushe. Mimi mwenyewe sijui kama ningefika popote bila hasira. Ila sitabadilika, hata ukimtuma baba yako, hata ukimtuma bibi yako kutoka Ukerewe. Ameshanipigia simu asubuhi hii, kwa hiyo najua umemtuma. Nimemwambia, "Shikamoo mama, ni hapana."

Na nikija Dodoma sitakaa nyuma ya kaunta yako kama mwenye mali. Nitakaa kwenye benchi na wateja wengine mpaka zamu yangu ifike. Utanipima, utanikatia gauni, nitalipa bei yako yote bila kupunguziwa shilingi. Halafu nitalivaa kanisani, nitalifua, nitalianika juani. Likikaa, nitamwambia kila mtu Mwanza limetoka kwa nani. Na lisipokaa, nitapanda basi nirudi nalo, nilitandike juu ya kaunta yako mbele ya wateja wako wote, na wewe utalifumua na kulishona upya mimi nikiwa nimesimama hapo.

Ni mimi mama yako,
Minza, fundi